Ubashiri wa Kikosi: Wakimbiaji wa Mbulu na Hanang katika Timu ya Taifa Tangu 1968

Ubashiri wa kikosi, yaani kukisia kabla ya msimu kuanza ni nani watakaoteuliwa na ni nani watakaoachwa, ni shughuli ya kawaida ya wapenzi wa michezo duniani kote, na kila nchi huielekeza kwenye mchezo unaoipa heshima. Nchini Marekani shughuli hiyo hushamiri hasa kwenye timu za vyuo vikuu zinazocheza mpira wa Kimarekani, mchezo ambao mpira wenye umbo la yai hubebwa mikononi na ambao watu 11 wa kushambulia si wale 11 wa kuzuia. Huko mashabiki hutumia miezi ya kiangazi kujadili nani atakabidhiwa kazi ya kurusha mpira na nani watamkinga, na kwa kuwa mchezaji wa chuo kwa kawaida hupewa misimu minne tu, mbashiri huanza kwa kuwaondoa waliomaliza muda wao na kuwapandisha waliokuwa akiba. Nchini Tanzania kikosi kinachostahili kufikiriwa kwa uzito wa namna hiyo ni kile cha mbio ndefu, na hakuna sehemu iliyokilisha kikosi hicho kwa muda mrefu kama nyanda za juu zilizogawanywa leo kati ya wilaya za Mbulu, Hanang na majirani zao. Tofauti ni kwamba mbashiri wa Tanzania hana orodha ya msimu uliopita inayomtosha. Historia ya zaidi ya nusu karne inaonyesha kwamba ubashiri wa kikosi hiki ulifaulu pale tu mbashiri alipoifahamu njia iliyokuwa ikimtoa mkimbiaji kijijini na kumfikisha machoni pa wateuzi, na kwamba ulishindwa kila alipoegemea sifa ya majina au sifa ya ardhi.

Ardhi yenyewe inahitaji maelezo, kwa kuwa jina la Mbulu limebeba maeneo tofauti katika nyakati tofauti. Wilaya ya Mbulu iliyorithiwa kutoka kwa utawala wa Waingereza ilikuwa kubwa kuliko ya sasa: Hanang ilimegwa kutoka humo mwaka 1969, Babati ikamegwa kutoka Hanang mwaka 1985, Karatu ikajitenga katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2002 sehemu kubwa ya eneo hilo ikatoka mkoa wa Arusha na kuingia katika mkoa mpya wa Manyara, huku Karatu ikibaki Arusha. Kwa sababu hiyo mwanariadha aliyeandikwa kuwa ni mtu wa Mbulu katika miaka ya 1960 na 1970 anaweza kuwa mzaliwa wa mahali ambapo leo ni wilaya nyingine, hata mkoa mwingine. Wakazi wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji wa miinuko iliyo ukingoni mwa Bonde la Ufa, na Wadatoga, hususan tawi lao la Wabarabaig, wafugaji ambao makazi yao yanauzunguka Mlima Hanang, volkano yenye kimo cha mita 3,417, ambayo chini yake umekaa mji wa Katesh na, upande wa pili, ziwa la chumvi la Balangida.

Mwinuko huo, ambao kwa sehemu kubwa ni kati ya mita 1,500 na zaidi ya 2,000 kutoka usawa wa bahari, ndio unaotajwa kwanza kila panapotafutwa sababu ya wakimbiaji kutoka huko, na maelezo yake ni ya kweli: hewa ya juu ina oksijeni kidogo, mwili huizoea hali hiyo kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, na mtu aliyekulia humo hupata nafuu anaposhindana. Hata hivyo maelezo hayo hayamsaidii mbashiri hata kidogo, kwa kuwa yanawahusu watu wote wa nyanda hizo kwa usawa, ilhali kanuni za Olimpiki zinairuhusu kila nchi wakimbiaji watatu tu katika marathoni, yaani mbio za kilomita 42.195. Kusema kwamba kikosi kitatoka Mbulu si kubashiri. Kazi iko kwenye kusema ni nani.

Mtu wa kwanza wa nyanda hizo kujulikana duniani ni John Stephen Akhwari, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938, na kisa chake kimesimuliwa mara nyingi kwa namna inayoficha uwezo wake. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, Akhwari alianguka katika msongamano wa wakimbiaji, akaumia vibaya goti na bega, akafungwa bendeji, kisha akaendelea kwa kuchechemea hadi uwanjani, ambako alifika baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima nyuma ya bingwa Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, ilhali walioanza walikuwa 75. Maelezo yake ya baadaye, kwamba nchi yake haikumtuma aende kuanza mbio bali kuzimaliza, yamemfanya kuwa kielelezo cha uvumilivu, na heshima hiyo anaistahili kikamilifu. Lakini aliyebaki na picha hiyo peke yake asingeweza kubashiri kilichofuata: katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, mashindano ambayo Ron Hill wa Uingereza aliyashinda kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 28, Akhwari alikuwa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Hii ni kasi ya mtu aliyekuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa Jumuiya hiyo, na uwezo wa namna hiyo ndio uliokuwa sababu ya kupelekwa Mexico tangu awali. Matokeo ya Edinburgh yanamtaja kwa majina mawili tu, John Stephen, bila jina la ukoo, na huo ni mtego mmojawapo kwa anayefuatilia vikosi vya zama hizo kwa kusoma orodha: mtu mmoja huonekana kama wawili, na ndugu wawili huonekana kama mtu mmoja.

Njia iliyomfikisha Akhwari Mexico ilikuwa nyembamba. Tanganyika ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 1964, na Baraza la Michezo la Taifa, chombo cha serikali cha kusimamia michezo yote nchini, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka mmoja tu kabla ya Mexico. Katika mazingira hayo walioonekana walikuwa wachache, na mbashiri aliyehudhuria mashindano machache ya kitaifa angeweza kuwataja karibu wote.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1970, pale njia hiyo ilipopanuliwa na kuwa ngazi yenye daraja zinazojulikana. Daraja la chini lilikuwa shule, ambako mashindano ya shule za msingi, yanayojulikana leo kwa ufupisho wa UMITASHUMTA, na yale ya sekondari, yaani UMISSETA, yaliwachuja watoto kutoka tarafa hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, na kutoka mkoa hadi taifa. Daraja la pili lilikuwa majeshi: Jeshi la Wananchi, Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi na Magereza viliwapa wanariadha ajira, chakula, matibabu na, jambo lililo na thamani kuliko yote kwa mkimbiaji wa mbio ndefu, muda wa kufanya mazoezi asubuhi na jioni bila kuacha shamba au ng'ombe bila mtu. Daraja la tatu lilikuwa kambi ya taifa, ambako walioitwa walikaa pamoja chini ya makocha na kuchujwa tena. Kwa miaka kadhaa aliyeijua ngazi hii aliweza kukisia kikosi kwa usahihi mkubwa, kwa sababu jina jipya halikutokea kambini bila kupita kwanza kwenye mashindano ya shule au ya majeshi.

Mfano mkubwa wa ngazi hiyo ni Filbert Bayi, aliyezaliwa mwaka 1953 huko Karatu, wakati ambapo Karatu ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu, na ambaye alikimbia akiwa mtumishi wa Jeshi la Wananchi. Baada ya kumshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500 za Michezo ya Afrika mjini Lagos mwaka 1973, Bayi aliingia Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akaongoza fainali ya Jumuiya ya Madola tangu mlio wa bastola hadi utepe, na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16, huku John Walker wa New Zealand akiwa wa pili na Ben Jipcho wa Kenya wa tatu. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, aliivunja mjini Kingston, Jamaika, rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Kwa hiyo mwanzoni mwa 1976 hapakuwa na ubashiri mwepesi kuliko ule wa nani angeiwakilisha Tanzania katika mita 1,500 huko Montreal. Ubashiri huo nao haukutimia, kwa kuwa Tanzania ilijiunga na nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini iliyokuwa chini ya ubaguzi wa rangi, na Walker akachukua dhahabu bila mpinzani wake mkuu. Uamuzi wa kususia ulikuwa wa haki na wenye gharama, na gharama hiyo iliwaangukia watu wachache sana waliokuwa katika ubora wa maisha yao. Bayi alipoipata Olimpiki tena, Moscow mwaka 1980, hakuwa tena mtu wa mita 1,500 bali wa mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na alichukua medali ya fedha nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alichukua fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Tangu hapo hadi Olimpiki ya Paris ya 2024 Tanzania haikuongeza medali nyingine ya Olimpiki.

Katikati ya matukio hayo ndipo palipotokea kikosi kilichowashangaza wabashiri kuliko vyote. Gidamis Shahanga alizaliwa Katesh, chini ya Mlima Hanang, mwezi Septemba 1957, na alikuwa hajatimiza miaka 21 alipopangwa kukimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton, Kanada, mwezi Agosti 1978. Umri huo ulikuwa hoja tosha ya kumweka kando, kwa kuwa marathoni ilihesabiwa kuwa mbio za watu wazima waliokwisha kukomaa kwenye umbali mfupi zaidi. Wenyeji walikuwa na Jerome Drayton, aliyekuwa ameshinda marathoni ya Fukuoka, Japani, mara tatu, na ile ya Boston mwaka 1977, na hakuna mtu aliyekuwa akifuata takwimu ambaye angempa Shahanga nafasi ya kwanza mbele yake. Shahanga alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 39, Drayton akawa wa pili na Mkanada mwingine, Paul Bannon, akawa wa tatu. Miaka hiyohiyo Wakanada walikuwa wakifadhili mashamba makubwa ya ngano ya serikali huko Basotu, wilayani Hanang, mashamba ambayo yaliwanyima Wabarabaig malisho yao bora. Kwamba kijana wa wilaya hiyo aliwatangulia Wakanada wawili mbele ya watu wao ni jambo ambalo mwanahistoria ana haki ya kuliweka kando ya jingine bila kudai kwamba moja lilizaa lingine.

Edmonton ilibainisha upungufu wa ubashiri wa kuangalia muda pekee. Muda wa mkimbiaji ni kipimo cha yale ambayo amepata nafasi ya kuyafanya, na kijana wa Katesh wa mwaka 1977 hakuwa amepata nafasi ya kukimbia kwenye barabara tambarare, penye washindani wakali na saa za kuaminika. Aliyekuwa na fursa ya kumwona akiwatoa jasho wenzake mazoezini alikuwa na habari ambazo hazikuwamo katika orodha yoyote iliyochapishwa, na hao walikuwa makocha na wakimbiaji wenzake wachache.

Ushindi huo na wa wenzake ulifungua daraja la nne la ngazi, ambalo lilikuwa nje ya nchi kabisa. Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, mji wa jangwani unaotazamana na Ciudad Juárez ya Mexico ng'ambo ya mto Rio Grande, kilikuwa na desturi ya kuunda timu ambazo vyuo vingine havikuthubutu kuziunda. Mwaka 1966, kikiitwa bado Texas Western, kilicheza fainali ya taifa ya mpira wa kikapu kikiwa na wachezaji watano wa kuanzia ambao wote walikuwa weusi, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika fainali hiyo, na kikaishinda Kentucky kwa pointi 72 kwa 65. Katika miaka ya 1970 kocha wake wa riadha, Ted Banks, aligeuza macho kuelekea Afrika, na miongoni mwa Watanzania waliopata ufadhili wa masomo chuoni hapo walikuwa Nyambui, Shahanga na Zakaria Barie.

Mchezo uliowapa umaarufu huko ni mbio za nyika, yaani mbio za kundi kubwa zinazopita kwenye nyasi, matope na vilima badala ya uwanja, na namna pointi zake zinavyohesabiwa inafaa kuelezwa kwa ukamilifu kwa kuwa inaufanya ubashiri wa kikosi uwe karibu na hesabu. Kila chuo hupanga wakimbiaji saba. Nafasi walizomaliza watano wa kwanza wao hujumlishwa, baada ya kuondolewa wale waliokimbia bila timu. Na chuo chenye jumla ndogo ndicho kinachoshinda. Timu ambayo watu wake watano wangeshika nafasi ya kwanza hadi ya tano ingepata 1 na 2 na 3 na 4 na 5, yaani 15, na hakuna jumla iliyo ndogo kuliko hiyo. Nafasi za mkimbiaji wa sita na wa saba hazihesabiwi kwa timu yenyewe, lakini wakimbiaji hao wakiwatangulia watu wa timu pinzani huwasukuma chini na kuwaongezea jumla. Kwa hiyo anayebashiri hamtafuti bingwa. Humtafuta mtu wa tano, kwa sababu timu yenye nyota mmoja na wanne wa wastani hushindwa na timu yenye watano wazuri wasio na nyota. El Paso ilikuwa na vyote viwili. Ilichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1981, Nyambui akawa bingwa binafsi mwaka 1980, na mwaka 1981 timu ilipata jumla ya pointi 17, mbili tu juu ya ukamilifu. Mwaka 1983 bingwa binafsi alikuwa Barie.

Lawama zilizotolewa Marekani wakati huo, kwamba chuo kimoja kilikusanya wanaume waliokwisha kukomaa kutoka Afrika na kuwashindanisha na vijana waliotoka sekondari, zilikuwa na msingi kwa upande wa umri, lakini zilisahau kwamba wakimbiaji hao hawakuwa na njia nyingine. Tanzania ya mwanzo wa miaka ya 1980, iliyotoka vitani na Uganda na kukumbwa na uhaba wa fedha za kigeni, haikuweza kuwapa viatu, safari wala mashindano ya kila wiki, na El Paso iliwapa vyote pamoja na shule. Faida yake kwa timu ya taifa ilionekana katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane, Australia, mwaka 1982, pale Shahanga na Barie waliposhika nafasi ya kwanza na ya pili katika mita 10,000, Shahanga akitumia dakika 28 na sekunde 10.15, na pale Juma Ikangaa, askari wa Jeshi la Wananchi aliyezaliwa Dodoma, alipomsukuma mwenyeji Robert de Castella hadi kilomita za mwisho za marathoni. Bingwa wa marathoni wa 1978 alikuwa amegeuka bingwa wa uwanjani wa 1982, kinyume kabisa cha mwelekeo unaozoeleka. Katika mashindano ya kwanza ya dunia ya riadha, Helsinki mwaka 1983, Shahanga alikuwa wa tano katika mita 10,000 na Mtanzania mwenzake Agapius Masong wa tano katika marathoni. Mwaka 1984 Shahanga alirudi barabarani na kushinda marathoni ya Rotterdam.

Miaka iliyofuata inaweza kupitwa haraka, si kwa sababu haikuwa na ushindi bali kwa sababu ushindi wake ulikuwa wa mmojammoja na haukujenga ngazi. Simon Robert Naali alipata shaba ya marathoni ya Jumuiya ya Madola Auckland mwaka 1990, Francis Naali alichukua dhahabu Manchester mwaka 2002, Samson Ramadhani akaichukua Melbourne mwaka 2006, na Fabiano Joseph Naasi akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005, katika mji uleule wa Edmonton. Bajeti za michezo mashuleni na majeshini zilikuwa zimepungua, na wakati huohuo zawadi za fedha zilikuwa zimehalalishwa katika mbio za barabarani, hivyo mtu aliyekuwa na uwezo wa kumfikisha mkimbiaji Ulaya hakuwa tena ofisa wa jeshi wala kocha wa chuo, bali wakala, yaani mfanyabiashara mwenye leseni ya kuwatafutia wanariadha mialiko kwa kukatwa sehemu ya mapato. Mbashiri wa kikosi alianza kukosea upya, kwa sababu mkimbiaji mzuri angeweza kuliacha shindano la taifa la Dar es Salaam au Arusha ili akashindanie zawadi katika mji wa Ulaya ambao jina lake halikuandikwa gazetini.

Hatua ya mwisho ya mabadiliko hayo ililetwa na viwango vya kufuzu, yaani muda ambao mkimbiaji sharti awe ameufikia katika mbio zilizopimwa rasmi kabla ya nchi yake kuruhusiwa kumteua. Kwa Olimpiki ya Rio ya 2016 kiwango cha marathoni ya wanaume kilikuwa saa 2 na dakika 19. Kwa ile ya Tokyo kilishuka hadi saa 2, dakika 11 na sekunde 30. Na kwa Paris 2024 kikawa saa 2, dakika 8 na sekunde 10, kukiwa na njia ya pili ya kufuzu kwa pointi za ubora wa dunia, na nafasi 80 tu kwa ulimwengu mzima. Maana ya tarakimu hizo inaonekana zikilinganishwa na za zamani: muda wa Akhwari wa mwaka 1970 ungemfuzisha kwenda Rio miaka 46 baadaye lakini usingemfikisha Tokyo, ushindi wa Shahanga wa Edmonton nao vilevile, na hata Ron Hill angeachwa nje ya Paris na dhahabu yake ya Edinburgh. Viatu vyenye bamba la kaboni na soli nene vina sehemu yao katika kushuka huko kwa muda, lakini kwa kijana wa Haydom au Dongobesh, wilayani Mbulu, athari ni ileile: bila mwaliko wa mbio za kasi, zenye barabara tambarare na wakimbiaji wanaolipwa kuongoza kilomita za mwanzo, hawezi kuupata muda huo hata akiwa na uwezo nao, na mialiko hiyo hupewa wenye muda tayari.

Aliyeweza kuuvunja mzunguko huo ni Gabriel Geay, aliyezaliwa Tlawi, wilayani Mbulu, mwaka 1996. Mwezi Desemba 2022 alikuwa wa pili katika marathoni ya Valencia, Hispania, kwa saa 2 na dakika 3 kamili, nyuma ya Kelvin Kiptum wa Kenya aliyekuwa akikimbia umbali huo kwa mara ya kwanza, na kuweka rekodi ya taifa. Miezi minne baadaye, tarehe 17 Aprili 2023, aliingia Boston katika mbio ambazo magazeti ya dunia yalikuwa yamezibashiri kuwa za Eliud Kipchoge wa Kenya. Ilipofika vilima vya Newton, karibu na kilomita ya 30, Geay aliongeza mwendo na Kipchoge akabaki nyuma, hatimaye kumaliza wa sita. Mkenya mwingine, Evans Chebet, alishinda na Geay akawa wa pili kwa tofauti ya sekunde 10. Vikosi vya marathoni vya Tokyo na Paris vilimjumuisha yeye pamoja na Alphonce Simbu, na kwa mara ya kwanza katika historia hii mtu aliyekuwa Nairobi au London angeweza kuvibashiri kwa uhakika uleule wa mtu wa Mbulu mjini, kwa kuwa habari zote zilizohitajika zilikuwa kwenye orodha ya muda inayosomwa na kila mtu.

Upande wa wanawake ubashiri una historia fupi, kwa kuwa marathoni ya wanawake haikuingizwa katika Olimpiki hadi Los Angeles mwaka 1984, miaka 16 baada ya Akhwari, na ngazi ya majeshi ilijengwa kwa kuwafikiria wanaume. Failuna Abdi Matanga aliingia katika kikosi cha Tokyo, na Magdalena Shauri na Jackline Sakilu katika kile cha Paris. Shauri alikuwa amekwisha kuwa wa tatu Berlin mwezi Septemba 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, siku ambayo Tigist Assefa wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia. Hili ndilo eneo ambalo makisio ya sasa yana pengo kubwa kuliko yote, kwa kuwa wasichana wanaong'ara katika mita 3,000 za mashindano ya shule bado wengi wao hupotea kwenye mbio kabla ya umri wa marathoni, wakichukuliwa na ndoa, kazi za nyumbani na kukosa nauli.

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Simbu, mzaliwa wa Singida, mkoa unaopakana na Hanang, alikuwa Mtanzania wa kwanza kushinda dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03 baada ya saa 2, dakika 9 na sekunde 48, pengo ambalo jicho haliwezi kuliona, na ambalo liliamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho. Katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 Simbu atakuwa na miaka 36 na Geay 31, na wote wawili wanaweza kuandikwa leo katika nafasi mbili za kwanza za kikosi cha marathoni kwa ujasiri wa kutosha, majeraha yakiepukwa. Nafasi ya tatu ndiyo yenye mjadala. Mwelekeo wa historia hii unamfanya mtu wa nafasi hiyo awe mkimbiaji ambaye leo bado yuko katika mbio za nyika au za kilomita 10, chini ya umri wa miaka 25, mtumishi wa jeshi mojawapo au mwanafunzi wa kocha wa Arusha, na ambaye lazima awe ameonekana katika mbio za mji mkubwa wa Ulaya au Asia ifikapo mwisho wa 2027, kwa kuwa mlango uliomruhusu Shahanga kuingia Edmonton bila kujulikana hauko wazi tena.